Maneno Niliyobeba Hadi Ulyankulu

Warina asali wa upande wa Usinge wakisema "Mzee wa Kambi", hakuna anayeuliza yupi. Jina analo na ukoo anao, lakini hayo nawaachia wanaopenda kuandika koo za watu. Mimi shule nilikaa miaka mitatu, nikatoka kwa miguu yangu. Nyumba niliyo nayo Tabora mjini, ghala la asali na nta, lori zima na lori bovu, vyote nimevipata kwa mikono hii. Kwa hiyo nitaandika nilichokiona, basi. Nimemjua mtu huyu miaka arobaini. Ndiye aliyenifundisha kazi. Na mara moja alinituma kwenda kusema jambo baya, nikaenda.

Jambo lenyewe nalitaja mapema. Mzee wa Kambi alikuwa na binti mmoja. Mama yake binti alifariki, wakabaki wawili. Kijana wa Ulyankulu alitaka kumwoa, binti naye alimtaka, na baba yake akakataa kwa sababu ambayo haikuwa ya kweli. Sababu hiyo niliipakia mimi kwenye pikipiki yangu. Binti akakaa nyumbani kwa baba yake miaka tisa. Hili halikunitoka kichwani, maana aliyelifanya ni mtu ambaye sijaona mwingine wa kushika watu kwenye kweli kama yeye.

Mtu wa mjini hataelewa kama sijasema kambi ni nini. Maua ya miyombo yakishapita na nyuki wakishajaza masega, wanaume wanane au kumi wanaingia porini na mizinga yao inawasubiri huko juu ya miti. Wanajenga vibanda vya nyasi, wanakaa wiki tatu, nne, wanarina, wanakamua, wanatoka na ndoo. Kabla ya kuingia, pale njia inapokata korongo la mwisho, mnasimama. Mkuu wa kambi anaweka chini kibuyu cha maji. Kila mtu anasema kinachompeleka porini na kinyongo alichoacha nyumbani, kisha anapiga funda la maji na kulitema. Wazee wetu walisema nyuki hampendi mtu mwenye mambo mawili. Ukiingia na la mdomoni na jingine la moyoni, watakutafuta wewe kati ya watu kumi.

Kambi nyingi siku hizi hulifanya jambo hilo kama kugonga mhuri. Mtu anasema "nakwenda kutafuta riziki", anatema, anavuka. Kwa Mzee wa Kambi huvuki hivyo. Alikuwa anachuchumaa karibu na kibuyu, amekishika shingo, anakutazama miguuni, hakutazami usoni. Ukimaliza, kama hakuridhika, anasema neno moja: rudia.

Kuna mwenzetu mmoja, mtu mnene wa vichekesho, alisema anakwenda kutafuta sare za shule za watoto. Rudia. Akasema tena sare, akaongeza na madaftari. Rudia. Jua linapanda, sisi tumebeba mizigo kichwani. Mara ya nne akaweka ndoo chini akasema amemkimbia mama mkwe, aliyekuja kukaa mwezi mzima na anayemhesabia vijiko vya sukari. Tulicheka mpaka mzigo wa mtu ukaanguka. Mzee wa Kambi hakucheka. Alimpa kibuyu.

"Tema, upite," alimwambia. "Kumkimbia mama mkwe ni safari halali. Ila usiwasingizie watoto."

Hapo ndipo wengi hawakumwelewa. Walidhani anatafuta watu wenye mioyo mizuri. Hakuwa na shida na moyo mbaya, mradi uutaje. Mimi mwenyewe nilipoacha tumbaku nikamfuata kuomba anifundishe nyuki, nilimweleza habari ndefu: tumbaku inachosha ardhi, kuni za kukaushia zinamaliza msitu, watoto wanavuta moshi. Yote kweli. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kaka yangu hajambo? Nikasema hajambo. Akauliza, nasikia ameezeka bati? Nikasema ameezeka. Maana kweli, kaka yangu alikuwa ameezeka bati kwa hela ya asali, na kila nikipita pale lile bati lilinipiga machoni.

"Sema wivu," aliniambia. "Wivu nao unafikisha mtu. Lakini ukiuita jina la msitu, siku utakapoezeka bati lako utaiacha kazi, na mimi nitakuwa nimekufundisha bure."

Nilisema wivu. Sijawahi kusema neno gumu kama lile, na kiburi ninacho, nilikuwa nacho hata wakati ule. Bati niliezeka mwaka wa tatu. Kazi sikuiacha, kwa kuwa kufikia hapo nilishajua nimeingia kwa lipi, na hilo lilipokwisha nilitafuta lingine la kweli nikaliweka mahali pake.

Mara moja tu nilimwona akimrudisha mtu. Na huyo hakuwa amedanganya. Alisimama korongoni akasema mtoto wake mgonjwa, homa siku ya nne, na yeye amekuja porini kwa sababu hawezi kuendelea kumtazama. Sote tuliinamisha vichwa. Tulijua atapita, kwa sababu amesema kweli tupu. Mzee wa Kambi akakiondoa kibuyu. Akamwambia, sababu yako umeitaja vizuri, sasa niambie unataka nini. Yule bwana akasema anataka mtoto apone. Akaambiwa, basi mbona miguu inatazama huku? Kinywa kinakwenda nyumbani, miguu inakwenda porini, utafika wapi? Akamtua mzigo kwa mkono wake mwenyewe, akampa baiskeli ya kambi. Mtoto alipelekwa hospitali, akapona. Sisemi alipona kwa ajili ya baba yake kurudi. Nasema baba yake mpaka leo anajua siku ile alikuwa wapi.

Sasa msidhani naandika habari za mtakatifu. Kwenye bao alikuwa mwizi. Alikuwa na kidole cha mwisho kirefu, kinaacha kete mahali ambapo hesabu haikufika, na ukimshika anakwambia macho yako yamezeeka. Baiskeli yake aliisifu kwa kila mtu kuwa mpya, na mimi nilikuwepo alipoinunua kwa mtu ambaye naye aliinunua imetumika. Umri wake ulipungua kila alipoulizwa na mwanamke. Nikamwuliza siku moja, wewe unayetutesa pale korongoni, mbona unadanganya habari ya baiskeli? Akaniambia uongo wa baiskeli anajua ni uongo, ameushika mkononi kama kete. Uongo anaouogopa ni ule ambao mtu hajui tena kama anao.

Alikuwa mrina asali asiyekula asali. Ilimtia kiungulia. Aliogopa mbwa, hata mtoto wa mbwa. Nyuki walimtembea usoni naye anaongea habari za mpira wa redioni. Alitengeneza mizinga ya magome, na mzinga wa gome unaua mti, kila mtu anajua. Basi kabla ya kuubandua mti alikuwa anaupiga kofi moja kwenye shina na kusema, "Nakuua, nipate mzinga," ndipo anaanza kazi. Vijana wakamwambia aseme anatunza msitu, kwani wanaokuja kutoka mjini wanapenda kusikia hivyo. Akasema hawezi kuua mti na kuuambia unatunzwa.

Akaja mtaalamu mmoja wa mradi, amevaa buti mpya, ameleta mizinga ya mbao. Alitukusanya akazungumza juu ya vizazi vijavyo karibu asubuhi nzima. Alipomaliza akaomba maswali. Mzee wa Kambi akasimama, akampa heshima zake zote, kisha akauliza: na wewe mwenyewe bwana mtaalamu, unataka nini? Mtaalamu akaanza tena vizazi vijavyo. Mzee wa Kambi akasema hapana, hao hawajazaliwa, nakuuliza wewe. Yule kijana alitazama buti zake. Akasema anataka mizinga hamsini ipandishwe juu ya miti kabla ya mwisho wa mwezi, apigwe picha nayo, arudi kwa mke wake ambaye amejifungua. Tukaipandisha kwa siku tano. Mzee wa Kambi alikuwa wa kwanza juu ya ngazi, na kuanzia hapo gome akalipunguza, ingawa hakuliacha. Alikuwa anasema: yule alikuwa na haja, nami nilijua ni ipi.

Haya, binti.

Kijana wa Ulyankulu tulimjua sote. Alikuwa ananunua nta kwetu, anajua kazi, mkimya, kanisani kila Jumapili. Wazazi wake ni katika zile familia zilizotoka Burundi zamani, wakalima, wakazaa, wakawa raia kama mimi na wewe. Akaleta mshenga kwa utaratibu. Mzee wa Kambi akaomba siku saba. Siku ya saba akaniita, akaniambia niende Ulyankulu niseme hivi: kwamba yeye hawezi kumwoza binti yake kwa watu wa kuhamahama, leo wapo kesho hawapo.

Nilimtazama. Mtu huyu alikula nao, alilala kwao, aliwazikia. Nilijua hayo maneno si yake, kayaokota mahali. Nilijua pia la kweli ni lipi, maana nilikuwa nimekaa naye kwenye msiba wa mkewe na kumwona siku ya arobaini alivyoitazama sahani moja mezani. Alikuwa anaogopa kubaki peke yake. Ningesema rudia. Neno moja. Lakini alikuwa mkubwa wangu, aliyenipa kazi, na mimi nikajiambia mjumbe hauawi. Nikawasha pikipiki.

Baba wa kijana alinipokea kwa kiti na maji ya kunywa. Nikayatoa yale maneno yote, sikupunguza. Hakukasirika kwa sauti. Alisema, "Mzee mwenzangu, mtu wa kuhama hazikii wazazi wake mahali. Mimi wangu wako hapo nyuma ya nyumba." Akanisindikiza hadi njiani kama mgeni. Ningependelea anitukane.

Kijana akaja kuoa kwingine. Binti akabaki. Alimpikia baba yake, akamfulia, akajifunza mizinga ya mbao mpaka akawa anawafundisha wanawake wa kijiji kizima. Watu wakamsifu, binti gani huyu, amejitolea kwa mzazi. Baba yake akazikubali zile sifa. Kila mwaka alichuchumaa korongoni na kibuyu, akawaambia watu rudia, naye zamu yake ikifika alisema kiusafi kabisa: nakwenda kwa ajili ya nyuki, nyumbani sina kinyongo. Akatema. Nilimsikia mara tisa. Na mimi zamu yangu ikifika nilitaja mambo yangu mengine yote, hilo nikaliruka. Tuliumwa na nyuki miaka hiyo kama wanavyoumwa watu wote, si zaidi wala si pungufu.

Mwaka huu mvua zilipokatika alinipigia simu. Miguu imevimba, porini haendi tena. Akasema njoo, kuna ujumbe wa Ulyankulu. Nilipanda basi hadi Kaliua, nikachukua bodaboda, mchana nikawa kwake.

Binti alikuwa barazani, ana miaka thelathini na mitatu sasa, anamenya karanga kwenye ungo. "Shikamoo baba mdogo." "Marahaba mwanangu." Akaniletea maji, akarudi kwenye ungo wake.

Ndani, Mzee wa Kambi akaniambia yule kijana amefiwa na mke, mwaka umepita na zaidi, na safari hii amekuja mwenyewe bila mshenga. Alikaa hapo, pale nilipokuwa nimekaa mimi. Amesema kama bado inawezekana, anaomba. Halafu akashusha sauti akaniambia niende nikawaambie kama nilivyowaambia mwanzo, maneno ni yale yale.

Nikasema siendi.

Alidhani nimechoka na safari. Akasema nilale, niende kesho. Nikamwambia kesho pia siendi. Yale maneno niliyabeba mara moja, naujua uzito wake, na hayakuwa yako. Uliyaokota. Yako unayo humu ndani na mwenye kuambiwa yuko barazani anamenya karanga.

Kisha akaniambia nimletee kibuyu, kipo nyuma ya mlango.

"Kibuyu kiache," nikamwambia. "Kile ni cha nyuki. Huyu ni mwanao."

Sijawahi kuongea naye hivyo, na mimi si mtu wa kuogopa watu. Alishika ukuta akainuka mwenyewe, nikamfuata nyuma hadi barazani. Hakukaa. Binti alimtazama tu, vidole vinaendelea na karanga.

"Mwanangu," akasema, "wale wa Ulyankulu sikuwakataa kwa kuhama. Hawahami. Nilikataa kwa sababu niliogopa kula peke yangu."

Binti akavunja ganda moja, akavunja la pili. Akasema hilo analijua tangu siku ile. Baba yake akamwuliza mbona hakusema. Akajibu kwamba lilikuwa la baba, na lau angelisema yeye, baba angekana, na watu wazima wakishakana hawarudi nyuma.

Nilimwona Mzee wa Kambi akipumua, kama mtu aliyetua mzigo. Pale ndipo binti akaweka ungo chini.

"Usipumzike, Baba. Miaka tisa hii nusu ni yako. Nusu ni yangu, maana ningeweza kuondoka. Unajua kwa nini sikuondoka? Niliona aibu kuingia katika nyumba ya watu ambao baba yangu amewatukana. Watu wananisifu nimejitolea. Sikujitolea. Nilikuwa naona haya kwa ajili yako."

Mzee wa Kambi alishika tena ukuta. Nami nilitazama njia ya kwenda Ulyankulu, nikaona ninahusika, nikamwambia binti kwamba aliyefikisha lile tusi ni mimi, hivyo kesho nitampeleka Ulyankulu na nitasema mimi ndiye.

Akanigeukia. Ana macho ya mama yake, hayapepesi.

"Wewe baba mdogo kaa hapa na kaka yako huyu," akasema. "Umeshabeba maneno ya watu ya kutosha. Ya kwangu nitayabeba mwenyewe. Radhi yako siku nyingine utakwenda kuiomba kwa miguu yako."

Nikakubali. Nilistahili kuambiwa hivyo.

Baba yake akauliza, kwa sauti ndogo, kama anakwenda kuolewa. Akasema anakwenda kuomba radhi kwanza. La kuolewa atalijua akifika, akiona watu wanavyomtazama na yeye mwenyewe anavyojisikia akikaa kati yao. Inawezekana akarudi. Lakini akirudi, atakuwa amerudi kwa sababu anataka kurudi, na wasije wakampikia sifa nyingine.

Asubuhi bodaboda ilikuja saa moja. Alivaa gauni la kitenge na viatu vya kufunga, akabeba ndoo moja ya asali, ile aliyorina kwenye mizinga yake. Alimwamkia baba yake, akaitikiwa. Mzee wa Kambi alisimama mlangoni akamwambia, "Nenda." Hakuongeza Mungu akulinde, hakuongeza rudi mapema. Ilimgharimu, nilimwona anavyoushika mlango. Vumbi la pikipiki lilipotulia akaniuliza unga uko wapi. Nikasema nyumba ni yako, mimi nitajuaje?

Aliutafuta mwenyewe. Nikataka kuita mama mmoja jirani aje atupikie, akanikatalia kwa mkono. Akawasha moto, maji yakachemka kupita kiasi, akatia unga wote kwa mara moja, akakamata mwiko kama mtu anayepasua kuni. Miguu ikamshinda, akavuta kigoda, akasonga amekaa. Ugali uliotoka ulikuwa umeungua chini, katikati una vidonge vyeupe vya unga. Mboga ilikuwa karanga zile zile, amezikaanga, nusu zimekuwa mkaa. Akaweka sahani mbili.

Nikaonja. Nikamwambia ni mbichi.

"Najua," akasema. "Kula."

Tukala. Karibu na saa nane simu yake ikalia. Akaiweka sikioni, mkono mwingine una ugali. Nilisikia sauti ya binti ikisema amefika salama. Akamwuliza wamempokeaje. Kukawa na kelele za kuku na za watoto kule, kisha akajibu neno fupi, simu ikakatika.

Mzee wa Kambi akaiweka chini taratibu.

"Wamempa kiti," akaniambia, akamega tonge jingine.